Kumtafuta Mmarekani wa Juja

Sisi wa Mombasa tulimjua Mmarekani kwa nguo kabla hatujamjua kwa sura. Merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa Massachusetts, kilishushwa Zanzibar na merikebu za Salem, na baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sultani Seyyid Said na serikali ya Marekani kikasambaa hadi Unyamwezi na Ujiji, kikavaliwa na kutumika kama fedha. Mwaka 1840 Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Seyyid Said, akaenda kwao: aliipeleka merikebu Sultana hadi New York, akachorwa huko picha ambayo ipo mpaka leo. Hao ndio Wamarekani wa hadithi zetu, watu wa bandari na mizani.

Huyu ninayemsimulia hapa alipita pwani bila kutua. Alipanda garimoshi akaenda bara, akajipatia maelfu ya ekari za mbuga nyuma ya Nairobi, akaishi huko, akafa akiwa na cheo cha Sir cha Mwingereza, akazikwa ubavuni mwa mlima. Jina lake William Northrup McMillan. Nilitaka kumfuata jinsi Wamarekani wenyewe wanavyowafuata mababu zao, yaani kwa karatasi: sensa, vyeti vya ndoa, majina ya abiria wa meli, wasia, mawe ya makaburi. Na nilitaka kuifuata kwa miguu na kwa matatu nchi aliyoichagua, kutoka Nairobi kupitia Ruiru, Theta, Juja na Thika hadi Kilimambogo. Wengi wetu huipita nchi hiyo usingizini tukielekea Nyeri au Embu. Inastahili kuonwa kwa macho makavu.

Nairobi

Nilianzia Banda Street, ubavuni mwa Msikiti Jamia, kwenye Maktaba ya McMillan. Simba wawili wa mawe wanaulinda mlango, na nyuma yao zimepangwa nguzo nene zinazomfanya mgeni asite kidogo kabla ya kupanda ngazi. Jengo lilifunguliwa mwaka 1931, miaka sita baada ya kifo cha mwenye jina. Mjane wake, Lucie, ndiye aliyelisimamisha, kwa msaada wa mfuko wa Carnegie wa Marekani. Baadhi ya samani za ndani zilitoka nyumbani kwa Karen Blixen, mwandishi yule wa Denmark aliyefilisika na kurudi kwao mwaka huohuo. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Nilipofika mimi, meza zilikuwa zimejaa wanafunzi walioinamia madaftari, na adhana ya adhuhuri ilikuwa ikiingia madirishani.

"Unatafuta kitabu gani?" mkutubi aliniuliza.

"Namtafuta mwenye maktaba, dada."

Akaniangalia, kisha akanionyesha magazeti ya zamani. Hapo nikakaa hadi jua likapinda.

Maisha ya McMillan ya Marekani yana njia iliyonyooka, ila pana pengo moja ambalo kila mtafuta ukoo wa Kimarekani analijua. Alizaliwa St. Louis, Missouri, mwaka 1872, mtoto wa tajiri aliyetoka Kanada akatengeneza mali kwa kuunda mabehewa ya reli. Marekani huhesabu watu kila baada ya miaka 10. Sensa ya 1880 inamkuta mtoto kama yeye akiwa bado nyumbani kwa baba, na ya 1900 inamkuta mtu mzima mwenye mke. Ile ya katikati, ya 1890, karibu yote iliharibika katika moto uliozuka Washington mwaka 1921. Ujana wa kizazi kizima umeangukia kwenye moto huo. Ndiyo maana watafutaji huziba pengo kwa hati nyingine, na hapa hati hazikosekani: mwaka 1894 alimwoa Lucie Fairbanks Webber wa Massachusetts, na mwaka 1903 aligharimia safari ya kuuchunguza mto Nile ya Buluu kwa mashua zilizoishia kuvunjika mtoni. Mwenzake wa safari zile, B. H. Jessen, aliziandikia kitabu kilichotoka mwaka 1906. Mtu wa namna hii hapotei. Kila anapovuka mpaka kuna karani wa kuandika.

Upande wetu daftari lilifunguliwa kwa mpangilio mwingine. Kuandikisha vizazi na vifo kulianza Kenya mwaka 1904, kwa Wazungu. Waafrika walianza kulazimishwa kuandikisha mwaka 1963, na ni mwaka 1971 ndipo sheria hiyo ilipoenea nchi nzima. Mtoto aliyezaliwa na mfanyakazi wa shamba la McMillan mwaka 1910 hakuandikwa popote, wala kifo chake hakikuandikwa kama alikufa kabla ya uhuru. Nilitoka maktabani nikavuka hadi Moi Avenue, kwenye Makavazi ya Taifa, jengo lililokuwa Benki ya India, na huko pia niliona jambo hilohilo: shamba lina faili, mzozo wa mpaka una faili, wasia una faili. Watu waliolilima shamba wanatokea kwenye faili za wengine, kwa hesabu, kama vile nguvu kazi inayohitajika au iliyotoroka.

Usiku ule nilibadili safari yangu. Ningemfuata Mmarekani kama nilivyokusudia, lakini kila kituo ningeuliza pia walikuwapo akina nani wengine.

Ruiru

Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa mwaka 2012, na tangu hapo Ruiru imekuwa chumba cha kulala cha Nairobi. Maghorofa yamesimama yakipumuliana, nguo zimeanikwa kila roshani. Lakini ukiacha barabara ukashika njia za ndani, mibuni ingalipo, mistari kwa mistari, chini ya mivuli ya migrevilia. Hapa ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa mwaka 1985 aina inayoitwa Ruiru 11, mbuni mfupi unaostahimili ugonjwa wa chulebuni uliokuwa ukiwamaliza wakulima. Nilikunywa kikombe cha kahawa hiyo kwenye kibanda, bila maziwa, na mwenye kibanda akanishangaa. Watu wa huku huilima kahawa wakanywa chai.

Jambo la kuangalia Ruiru ni udongo. Magharibi ya barabara, kuelekea Gatundu, ni mwekundu kama damu ya mzee, unashika viatu na kupaka ngazi za nyumba. Mashariki, kuelekea mto Athi, unageuka mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuwa tope zito la kunata masika. Kwenye mwekundu walipanda kahawa. Kwenye mweusi walifuga, wakapanda mkonge. Mpaka huo wa rangi ndio ulioamua nani atalima nini kwa miaka 100, na McMillan aliuchukua mweusi.

Kuna swali ambalo mgeni hujiuliza: ardhi nzuri hivi ilipatikanaje tupu? Haikuwa tupu. Wazee wanaikumbuka njaa ya 1898 na 1899 waliyoipa jina Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa sababu ilifika pamoja na wageni. Mvua ilikosekana, nzige wakaja, tauni ilikwisha kuwamaliza ng'ombe, na ndui ikafuata. Waliobaki wakarudi Murang'a kwa ndugu zao kungoja. Waliporejea miaka michache baadaye walikuta vigingi vya mpimaji. Katika hati za ardhi hakuna njaa wala ndui. Kuna ekari tu, na jina la mnunuzi.

Theta

Nilishukia Kenyatta Road, nikapanda bodaboda. Kijana mwenye pikipiki aliposikia ninachotafuta akasema, "Basi wacha nikupeleke kwa shosho yangu," na hakungoja nimjibu.

Theta ni nchi ya miteremko mipole na vijito. Nyua za kayaba, ule mti wa miiba wenye matunda ya manjano, bado zinaonyesha mistari ya mashamba ya zamani, ijapokuwa ndani yake mashamba yenyewe yamekatwakatwa. Kila pembe pana kibao cha ploti zinazouzwa. Visiki vya mibuni iliyong'olewa vimelundikwa kando ya njia vikingoja kuwa kuni, na kati ya nyumba mpya za mabati ya rangi mtu anaona ghafla shamba dogo la nduma bondeni, majani mapana yakimetameta kwa maji. Baada ya uhuru, waliokuwa maskwota kwenye mashamba haya na wengine waliotoka mbali walichanga hisa, wakayanunua kwa Wazungu waliokuwa wakiondoka, kisha wakagawana. Wajukuu wao ndio wanaoyauza sasa, robo ekari kwa robo ekari.

Bibi alikuwa ameketi nje ya jiko, akichambua njahi kwenye ungo.

"Shosho, huyu ni mgeni wako kutoka Mombasa. Anaandika habari za zamani."

"Mombasa ni mbali," akasema. "Kwanza akae. Hawezi kuandika akiwa na njaa."

Nikaletewa uji wa wimbi uliochachushwa, wenye ukali mzuri, na nduma iliyochemshwa ikiwa bado na maganda. Tulikula kwanza. Nilipomwambia kwamba kwetu pwani mtoto hufundishwa nasaba, fulani bin fulani bin fulani hadi babu wa saba, alitikisa kichwa akikubali, kisha akanifundisha ya kwao. Mwana wa kwanza huitwa jina la baba wa babake, wa pili jina la baba wa mamake, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Kwa hiyo Kamau huzaa Njoroge, Njoroge huzaa Kamau, na majina huingia na kutoka kama miyaa ya ukindu inavyosukwa mkeka. Ukoo wenyewe, mbari, hubaki na jina la mwanzilishi. Mtu anayejua mbari yake na jina lake anajua pia majina ya watu waliokufa kabla babu yake hajazaliwa.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba haufi. Ugumu wake ni kwamba karani wa kikoloni aliyekutana na Kamau wa Njoroge mara 40 katika shamba moja hakuwa na namna ya kuwatofautisha, akawapa nambari.

"Babako alikuwa wa riika gani, Shosho?"

"Alitahiriwa mwaka wa Kimiri. Homa ile. Watu walikuwa wanalala jioni, asubuhi hawaamki."

Nikajua tarehe bila kufungua kitabu. Kimiri ni homa kuu iliyokuja mwisho wa Vita vya Kwanza, mwaka 1918 na 1919. Baba yake alikuwa kijana wa miaka 16 au 17 hivi, amezaliwa muda mfupi baada ya ile njaa. Na yeye mwenyewe?

"Njaa ya mihogo ilinikuta nikiwa mgongoni."

Hiyo ni Ng'aragu ya Mianga, mwaka 1943. Katika sentensi mbili bibi huyu, ambaye hana cheti cha kuzaliwa wala babake hakuwa nacho, alinipa tarehe ambazo mtafutaji wa Marekani angezihangaikia wiki nzima. Riika, kundi la waliotahiriwa pamoja, ni rejista. Imetunzwa kwa vinywa badala ya kabati, na ina kosa la mwaka mmoja au miwili, lakini sensa nyingi nazo zina makosa hayo.

Babake alipopona homa alikutana na kitu kingine. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, na vita vilipokwisha ikaanza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alichukuliwa alama za vidole, akapewa kipande kilichoonyesha jina lake, kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake, akakivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kutoka kazini bila mwajiri kukitia saini lilikuwa kosa la jinai. Baba huyu alifanya kazi kwenye mkonge upande wa Juja, akikata majani yenye miiba kwa kipimo cha siku.

"Kamba yake ilimwachia alama hapa," Shosho akasema, akijigusa chini ya shingo. "Waliposema haivaliwi tena, karatasi aliitupa motoni. Kikasha akakitilia ugoro."

Kwa hiyo ile hati moja ambayo serikali ilimwandikia maishani mwake, yeye mwenyewe aliichoma, na simlaumu. Iliandikwa ili apatikane akitoroka.

Nilimfikiria Mmarekani mweusi anayetafuta mababu zake. Akirudi nyuma kizazi hadi kizazi hufika mwaka 1870 akagota, kwa kuwa hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina watu waliotoka utumwani. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 wameandikwa chini ya jina la bwana: umri, jinsia, rangi, basi. Serikali zilizotofautiana kwa mengi zilikuwa na karani wa aina moja. Aliandika kilichomhusu mwenye mali.

Niliomba ruhusa ya kunasa sauti yake. Mjukuu alishika simu, na Shosho akaanza mbari yake kutoka juu, na kila alipotaja mwanamume alirudi nyuma akataja na mama zake wote, kwa zamu. Hakuna rejista ya kikoloni niliyoiona iliyowakumbuka mama hao. Tulikaa hadi ng'ombe wakarudi.

Juja

Watu wa Juja leo ni wanafunzi. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1981 kikiwa chuo cha kilimo na teknolojia, na sasa mji mzima unaishi kwa ratiba yake: vibanda vya kunakili karatasi, chapati na maharagwe, vyumba vya kupanga ghorofa juu ya ghorofa. Ukiuliza habari za McMillan vijana hukuelekeza Juja Farm, mashariki, palipo udongo mweusi.

Huko anga linafunguka. Nyasi za rangi ya simba, migunga michache, na upande wa mashariki Kilimambogo umejitenga peke yake kwenye tambarare. Kwenye nchi hii McMillan alijenga nyumba ya ghorofa moja yenye veranda pana, akafuga mbuni, akapokea wageni. Mgeni aliyeifanya Juja ijulikane duniani alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, na mwezi Mei walikuwa Juja wakiwinda viboko mtoni na chui vichakani. Alipotoka Afrika aliandika kitabu, African Game Trails, ambacho wapenda uwindaji wanakisoma hadi leo.

Nilikisoma kwa nia nyingine. Mwishoni mwa kitabu pana orodha ya wanyama waliouawa na baba na mwana: Roosevelt 296, Kermit 216, jumla 512. Wamegawanywa kwa aina, simba 17, na kila aina ina mstari wake. Majumba ya makumbusho ya Washington yalipokea zaidi ya vielelezo 11,000 kutoka safari ile, kila kimoja na kibandiko chake. Wapagazi waliobeba yote hayo walikuwa wapata 200, wengi wao kutoka pwani yetu na Unyamwezi. Hao hawana orodha.

Wachache wametajwa, nami niliwaandika daftarini kama ndugu. Ali, aliyekuwa akiangalia hema la Roosevelt. Bakari na Muhamed, wabeba bunduki wake. Hamisi, mchunga farasi. Na wabeba bunduki wa Kermit, Kassitura aliyetoka Uganda, na Juma Yohari, ambaye Roosevelt anamwita Mswahili. Ni mtu wa kwetu. Ana jina la pili, na hiyo inatosha mtu kuanza kumtafuta. Yohari huenda ni sikio la Mzungu lililosikia Johari.

Nilisimama kando ya njia ya Juja Farm, upepo ukivuma kutoka Athi, nikamwazia Juma akipita kwenye nyasi hizi akiwa na bunduki ya mtu mwingine begani. Yuko ndani ya kitabu kilichouzwa dunia nzima, na bado hakuna anayejua nyumbani kwake ni mtaa gani. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma ninapoandika.

Thika

Thika ni mji wa viwanda na mito. Hoteli ya Blue Posts, iliyoanza mwaka 1908, imekaa kwenye ncha ya ardhi baina ya mito miwili: upande mmoja maporomoko ya Chania, upande wa pili ya Thika. Usiku unalala katikati ya ngurumo mbili zisizofanana. Ya Chania ni nzito, ya Thika ina pumzi ndefu. Reli ilifika mwaka 1913, na mji ukakua kando yake kwa kahawa, mkonge, kisha mananasi, ambayo yanakaribia kuufunika upande wa kaskazini hadi upeo wa macho.

Chakula cha jioni nilikila mjini: mutura uliochomwa polepole hadi ukapasuka, chumvi na pilipili juu ya kibao, na mukimo wa kijani wenye mahindi yanayotafunika. Asubuhi nilikwenda Mugumo Gardens. Hapo palikuwa na mti wa mugumo ambao Wagikuyu waliamini ulitabiriwa na nabii wao Mugo wa Kibiru: siku utakapoanguka ndiyo siku utawala wa Wazungu utakapokwisha. Wakoloni, waliosema hawaamini maneno hayo, waliuzungushia mti ukingo wa kuuimarisha. Uliangushwa na radi mwaka 1963. Mzee aliyekuwa akipumzika kwenye bustani aliniambia habari hiyo kwa sauti ya mtu anayesoma cheti, na nadhani kwake ndicho cheti.

Kilimambogo

Kutoka Thika njia inashuka mashariki kati ya mananasi hadi Fourteen Falls, mahali mto Athi unapojimwaga kwa upana, mikondo mingi ikiruka bega kwa bega kutoka kimo cha mita 27 hivi. Vijana wenye mitumbwi hukuvusha hadi karibu na pazia la maji. Ni mahali pazuri mno, na panasikitisha, kwani Athi hupokea mto Nairobi kabla ya kufika hapa na hubeba uchafu wa mji mzima. Povu jeupe hukaa kwenye miamba. Mvuvi mmoja alinionyesha perege wake wawili akasema zamani angekuwa na kumi.

Mlima wenyewe ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1967, kilele chake mita 2,145. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk. Wagikuyu waliuita Kianjahi na kuuhesabu miongoni mwa milima ya kuelekea wakati wa kuomba, na Wakamba wana mashamba yao miguuni pake. Nyati bado wako msituni, kwa hiyo mgeni hupanda na askari wa wanyamapori. Wangu alikuwa kijana wa Kikamba, mpole, mwenye macho ya kuona kinyesi kibichi kabla sijaona njia.

McMillan alipigana katika Vita vya Kwanza na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, nyumba yake ya Chiromo huko Nairobi ikawa pahali pa majeruhi kupumzika, akapewa cheo cha Sir mwaka 1918. Alifia Ufaransa mwaka 1925, na mwili wake ukarudishwa ili azikwe juu kabisa ya mlima. Husimuliwa kwamba jeneza lilikuwa zito, kwa kuwa alikuwa pandikizi la mtu, na trekta lililolivuta likaharibika njiani. Akazikwa lilipokwama. Basi kaburi liko ubavuni, kwenye uwanda mdogo ulio wazi, na kutoka hapo unaiona nchi yote niliyoipita, kijani cha kahawa upande mmoja na rangi ya nyasi upande wa pili. Asubuhi ikiwa safi unauona na Mlima Kenya.

Pembeni yake amelala Lucie, aliyemfuata mwaka 1957 baada ya miaka 32 ya ujane. Na yuko wa tatu, Louise Decker, mwanamke aliyewatunzia nyumba. Nilikaa zaidi kwenye kaburi la Louise. Wawili wa kwanza wana maktaba, barua, magazeti. Huyu ana jiwe, lakini jiwe lenye jina ndipo mtafutaji yeyote wa ukoo anapoanzia.

"Na waliolisindikiza jeneza?" nilimwuliza askari.

"Walikuwa watu wa hapa chini, na wengine wa upande wa Thika. Nyanya alikuwa akisimulia."

"Aliwataja?"

"Aliwataja. Mimi nilikuwa mtoto, sikushika. Lakini dada yake yuko hai. Tukishuka nitakupeleka."

Tulishuka. Bibi huyo hakuwapo, alikuwa amekwenda hospitalini Thika na angerudi kesho yake. Nikamwachia askari nambari yangu na maswali, nikamwomba anase sauti kwa simu yake: jina la kila mtu, mama yake, riika yake, na kazi aliyokuwa nayo. Kisha nikaketi sokoni Donyo Sabuk kungoja matatu, na maembe yaliyokatwa vipande, nikaanza kuandika maswali ya Mombasa. Wapo wazee wa Kuze, wa Kibokoni, wa Majengo, ambao baba zao walibeba mizigo ya safari na kupokea mishahara yao Nairobi kwa rupia. Nitawaanzia na Juma: mwaka 1909 alikuwa wa mtaa gani, mama yake ni nani, aliporudi alioa kwa nani, na alizikwa wapi.